Ngano ya Karatu na Karafuu ya Kwetu: Somo la Kupika Biskuti Pamoja na Watoto



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za palizi, uchumaji na uanikaji. Leo somo letu liko jikoni, na wanafunzi wake ni watoto. Lakini mwanachama asidhani kuwa somo hili liko mbali na kazi yake, maana ndani yake mna mambo matatu ambayo kila mwenye mikarafuu yampasa kuyajua: kipimo cha haki, unyevu, na moto. Mtoto akiyashika haya kwa kupika biskuti, atayakumbuka siku ya kupima karafuu za mzee wake.

NCHI YA NGANO

Karatu iko bara, katika Mkoa wa Arusha, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao pia huitwa Wambulu. Hulima ngano, mahindi, maharage na mbaazi. Upande wa Oldeani kuna mashamba ya kahawa, na Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ni nchi ya vitunguu. Ukizidi kupanda unafika Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta uko kiasi cha mita 2,300, na sakafu yake, yenye eneo la kilomita za mraba 260 hivi, iko chini ya ukingo kwa mita 600. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wamasai wa huko ni wafugaji. Wana maziwa na samli, lakini kulima ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, basi unga hununuliwa kutoka Karatu na kwingineko.

Ngano nyingi inayoliwa Tanzania hutoka nchi za nje, lakini Karatu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto wa nchi hii aweza kuliona shuke likisimama shambani. Ngano hupenda ubaridi. Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku, hupenda joto na mvua, na baridi ya Ngorongoro haiuwezi. Hapana shamba moja liwezalo kuzaa vyote viwili vizuri. Vinakutana jikoni tu, katika biskuti moja, na hili ni jambo la kwanza la kumwambia mtoto: chakula kidogo cha mkononi mwake kina jasho la watu wa bara na la watu wa visiwani.

KIPIMO CHA HAKI

Kabla ya kugusa unga, mpe mtoto kikombe na kisu kisicho na makali. Mwambie ajaze kikombe mpaka kifanye kichuguu juu, kisha aupitishe mgongo wa kisu na kukwangua ziada. Kilichobaki ni mfuto. Ziada iliyoanguka aikusanye katika kisahani na aitazame. Ataona kuwa kichuguu kimoja chaweza kuwa karibu robo ya kikombe kizima.

Mwambie tena ajaze kikombe mfuto, kisha akigongegonge mezani. Unga utashuka, na nafasi itapatikana ya kutia mwingine. Kikombe ni kile kile, na unga umezidi.

Yafaa mzazi asiharakishe hapa, maana ndipo penye faida ya somo. Wachumaji wengi wa karafuu hulipwa kwa pishi. Pishi ya mfuto na pishi ya kichuguu si pishi moja, na pishi iliyotikiswa si sawa na isiyotikiswa. Mchumaji anayepimiwa kwa kichuguu na kulipwa kwa mfuto amedhulumiwa, hata kama hapana aliyesema uongo. Na mwenye shamba anayepokea pishi iliyolegezwa naye amepunjwa. Mtoto aliyeona jambo hili kwa unga hatahitaji kuelezwa mara ya pili kwa karafuu.

KUCHAGUA KARAFUU

Mpe mtoto karafuu kumi na bilauri ya maji. Azitie majini moja moja. Karafuu nzuri, iliyojaa mafuta, huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Ile iliyozeeka au iliyotolewa mafuta huelea kwa ubavu. Kisha aichukue nyingine kavu na kuibonyeza shina lake kwa ukucha. Ikiwa njema, mafuta kidogo yatatokea. Zilizoingia majini zisisagwe. Zitumiwe katika chai siku hiyo hiyo.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa biskuti 30 hivi:

Unga wa ngano vikombe 2 mfuto (gramu 250 hivi)
Sukari nusu kikombe (gramu 100)
Samli au siagi nusu kikombe
Yai 1
Baking pauda nusu kijiko cha chai
Karafuu kavu 4 au 5, zilizotwangwa na kuchekechwa
Chumvi kidogo sana
Maziwa vijiko 1 au 2 vya chakula, yakihitajika

Asitie karafuu nyingi kwa kuwa ni ya nyumbani. Karafuu ikizidi huleta uchungu na kufisha ulimi. Na mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa yasitiwe kabisa katika kazi hii, wala yasiwekwe mahali mtoto anapoweza kuyafikia. Mafuta hayo ni makali mno. Kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai kimewahi kumtia mtoto mdogo katika hatari ya kufa.

NAMNA YA KUFANYA

1. Wote wanawe mikono kwa sabuni. Mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya kuhesabu.

2. Piga samli na sukari pamoja kwa mwiko mpaka vilainike na kuwa vyeupe. Tia yai, endelea kupiga.

3. Chekecha unga, baking pauda, chumvi na karafuu pamoja, kisha mimina kidogo kidogo huku mtoto akichanganya kwa mkono. Kinyunya kikishikana na kuacha bakuli safi, basi kimetosha. Kisikandwe kama cha chapati, maana kikikandwa sana biskuti huwa ngumu. Kikipasuka, ongeza maziwa.

4. Watoto wafinyange vidonge 30 vilivyo sawa, kila kimoja kama ndimu ndogo sana, kisha wavibonyeze kwa uma mpaka viwe na unene wa nusu ya kidole kidogo. Kusudi la usawa si urembo tu: kikubwa na kidogo vikikaa pamoja motoni, kidogo kitaungua kabla kikubwa hakijaiva. Wasionje kinyunya kibichi, kwa sababu ya yai na unga usiopikwa.

5. Asiye na tanuri atumie moto wa juu na chini, kama tupikavyo mkate wa kumimina. Tia mchanga mkavu kidogo ndani ya sufuria kubwa, funika, uache upate moto kwa dakika 10 au 15. Weka sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, funika, na upalie makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi, ya chini machache. Tazama baada ya dakika 12. Pembeni zikigeuka rangi ya dhahabu, epua, hata kama katikati pangali laini, zitakauka zikipoa.

BARA NA VISIWANI

Mapishi ni yale yale, lakini hewa si moja, na mpishi hapana budi kuifuata. Kwetu, kwa joto, samli ni maji. Biskuti zitatambaa na kushikana. Weka bakuli la samli ndani ya maji baridi mpaka igande kidogo. Karatu, hasa miezi ya Juni na Julai, samli huwa imeganda kama jiwe, na yafaa kuilainisha kando ya moto.

Pili, kadiri mtu apandavyo mlima, hewa huwa nyepesi. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Karatu huchemka kwa 95 hivi, na ukingoni mwa Ngorongoro kwa 92. Kwa sababu hiyo maharage huko huchelewa kuiva. Biskuti nazo huumuka haraka na kukauka upesi. Basi mpishi wa huko hupunguza baking pauda kidogo na kuongeza kijiko cha maziwa.

Tatu ni unyevu. Nchi kavu, biskuti iliyoachwa wazi hukaa mikavu siku kadhaa. Kwetu italegea kesho yake, kwa kuwa hewa ya bahari ina maji, nayo biskuti huyanywa. Zitiwe katika mkebe wenye kifuniko kinachobana, zikiwa zimepoa kabisa. Zikitiwa zingali moto, zitatoa jasho ndani. Mwoneshe mtoto biskuti ya mkebeni na iliyolazwa nje, azivunje zote mbili na kusikiliza mlio. Kisha mwulize kwa nini karafuu iliyoanikwa nusu ikatiwa guniani huota ukungu. Sababu ni hiyo hiyo, ila hasara ya biskuti ni ya senti, na hasara ya gunia ni ada ya shule.

MOTO

Mtoto wa miaka mitano afinyange. Wa miaka minane apime na kuchekecha. Makaa yawe kazi ya mtu mzima, au kijana wa miaka kumi na minne anayeangaliwa. Pigeni mstari chini, hatua mbili kutoka jikoni, na mdogo asiuvuke.

Mtu akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Msipake samli, yai, wala dawa ya meno. Vitu hivi huhifadhi moto na kuingiza uchafu. Kidonda kikubwa, au cha usoni, kipelekwe hospitali mara moja.

Na jambo la mwisho, ambalo watu wa nchi za baridi wamelilipia kwa roho zao: jiko la makaa lisiingizwe chumbani ili kupasha joto watu waliolala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Usiku wa mvua kwetu nako mtu aweza kushawishika. Pikeni mahali pa wazi, na makaa yazimwe kabla ya kulala.

MASWALI YA KUWAULIZA WATOTO

1. Vikombe 2 mfuto vyatoa biskuti 30. Kikombe 1 chatoa ngapi? Na 5 vyatoa ngapi?

2. Mpishi mmoja alipima vikombe 2 vya kichuguu. Biskuti zake zilikuwa ngumu na kavu. Kwa nini?

3. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wake. Kilo 30 mbichi zitabaki ngapi? Maji mengine yamekwenda wapi?

4. Gawanyeni biskuti 30 kwa watu wote wa nyumba hii. Zikibaki, apewe nani?

Swali la nne halina jibu moja. Waacheni watoto wajadiliane wenyewe, na wazee wasikilize.