Maji kuwa tohara si kuwa salama

Madrasa tulifundishwa kuwa maji hunajisika yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi. Hicho ni kipimo cha tohara, si cha sumu. Risasi na zebaki zikiyeyuka baharini hazionekani wala hazinuki.

Basi hupimwaje? Chupa moja ya maji hueleza hali ya saa ile tu. Lakini chaza huchuja maji kila anapofunikwa nayo, sumu ikajikusanya mwilini mwake. Kumpima yeye ni kujua habari za miezi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya chaza wa hori la Mzinga, upande wa Temeke.

Sisi wa Goba tu mbali na pwani, ila mvua hufikisha taka zetu huko. Surat Rum, aya ya 41, yatuhusu. Vipimo viendelee, nasi walaji tutangaziwe matokeo.