Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

Somo la nyumba kwa nyumba. Someni kwanza pamoja: Mithali 12:10, Walawi 19:33-34, Warumi 15:7.

Tunawasalimu kutoka Kisugu, hapa Kampala, ninyi mlio mjini pamoja nasi na ninyi mlio kambini Nakivale, Kyangwali na Kyaka II. Mara hii somo letu ni juu ya kuku. Labda mtu atasema, mchungaji ameacha Injili. Hapana. Neno la Mithali tulilosoma linatuonyesha kwamba haki ya mtu huonekana hata katika namna anavyotunza mifugo yake.

YALIYOTUPATA

Mwezi wa 6 mwaka 2022 Bunagana ilipoanguka, ndugu zetu wengi walivuka mpaka wakaingia Kisoro. Baada ya majuma machache tulipokea watoto watatu wa jamaa yetu. Wakati ule tulikuwa na kuku mmoja tu wa kienyeji nyuma ya nyumba. Wenzake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Tukasema, watu wameongezeka, basi na mayai yaongezeke. Tukachukua pesa tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya madaftari, tukanunua kuku wadogo wanne, wa majuma sita hivi.

Tukafanya kama tulivyozoea kwetu kijijini: tukawafunga kamba mguuni karibu na yule mkubwa ili wazoeane, tukaenda zetu kwenye ibada. Tuliporudi saa saba mchana mmoja alikuwa amekufa, kichwa kimedonolewa mpaka mfupa. Mwingine jicho lilikuwa limeumia.

Wazee walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ile ina kazi yake, inamzuia asipotee. Lakini siku ile ilimzuia pia asikimbie. Kosa halikuwa la kuku mwenyeji. Lilikuwa letu sisi wenye nyumba.

KWA NINI MWENYEJI ANAPIGA?

Mwaka 1922 mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika yale aliyoyaona kwa kuchunguza kuku tangu utoto wake: kuku wana utaratibu wa ukubwa. Kila mmoja anajua ni nani anaweza kumdonoa, na yeye anaweza kumdonoa nani. Utaratibu ukishakaa, wanatulia. Mgeni akiingia, yote yanaanza upya. Kuku aliyebaki peke yake ameshika chakula chote na mahali pote pa kulala. Akiona wageni, anaona wa kumnyang'anya.

NAMNA YA KUWAUNGANISHA

1. Watengeni kwanza. Kuku wapya wakae mbali na mwenyeji majuma mawili hata manne, na vyombo vyao wenyewe vya maji na chakula. Mhudumieni mwenyeji kwanza, wageni baadaye, kisha nawe mikono. Angalieni chawa, makamasi na kuhara. Ugonjwa wa kideri, yaani Newcastle, hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo tu, na chanjo hurudiwa. Muulizeni daktari wa mifugo. Kuku mmoja wa sokoni anaweza kumaliza banda zima.

2. Waonane bila kugusana. Wekeni wavu au fito katikati kwa muda wa juma moja au zaidi. Chakula kiwekwe pande zote mbili, karibu na wavu, ili wale wakitazamana. Hapo kamba ya mguuni haihitajiki tena.

3. Wasubirini wakue. Msimwachie kuku mkubwa kuku wa majuma sita. Wangojeeni wakaribie kimo chake, majuma kumi na mbili hivi, na wa kienyeji wasiokua haraka hata zaidi. Na waingizeni wote pamoja. Anayeingia peke yake hupokea mapigo yote peke yake.

4. Waunganisheni jioni. Giza likianza kuingia, wawekeni kwenye fito ya kulalia pamoja na mwenyeji. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo hapigani. Lakini mwenye nyumba aamke kabla ya kupambazuka, maana ugomvi huja na mwanga. Chagueni siku ambayo mtu atashinda nyumbani.

5. Vyombo viwe viwili. Chakula mahali pawili, maji mahali pawili, mbalimbali, kwa sababu kuku mmoja hawezi kulinda sehemu mbili kwa wakati mmoja. Egemezeni ubao ukutani ili mdogo apite nyuma yake, na pawe na njia ya kutokea upande wa pili. Kona isiyo na mlango ni mtego. Sisi wa Kisugu tuna ua mdogo na nyumba zimebanana, lakini ubao mmoja na makopo mawili hatukosi.

6. Jueni ugomvi gani ni wa kawaida. Kudonoa kidogo na kufukuzana siku chache kutakuwepo, acheni. Ila mkiona damu, mtoeni aliyeumia mara moja, maana kuku wote huvutwa na rangi nyekundu, hata wageni wenzake watamdonoa. Mwosheni kwa maji safi ya chumvi, arudi akipona. Kama mwenyeji haachi, mtoeni yeye kwa siku tatu au nne. Akirudi, yeye ndiye atakayekuwa mgeni, na ukali wake utapungua.

7. Chakula kimoja kwa wote. Chakula cha kuku wa mayai kina madini mengi ya chokaa, nayo huharibu figo za kuku wadogo. Wapeni wote chakula cha kuku wanaokua. Yule anayetaga awekewe kando maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa. Atakula mwenyewe kwa kadiri anavyohitaji.

Kuna njia nyingine kwa mwenye kuku anayeatamia. Vifaranga vya siku moja au mbili huingizwa chini yake usiku, taratibu. Mara nyingi asubuhi huvipokea kama vyake. Vikishapita siku hizo chache, njia hiyo huwa ngumu. Na ninyi wa mjini, kabla ya yote ongeeni na mwenye nyumba na mwenyekiti wa LC1, ili kuku wenu wasilete ugomvi na majirani.

Wale watatu waliobaki tuliwatenga, tukaanza upya kwa utaratibu huu. Ilichukua karibu miezi miwili. Mpaka leo hatujasahau yule mmoja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Watu si kuku. Kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini siku zile tulipokuwa tunatengeneza wavu wa kuku, tulitazama ndani ya nyumba yetu tukaona aibu. Watoto watatu tuliwaketisha kwenye mkeka mmoja na wanne wetu, sahani moja, godoro moja, tukaomba, tukadhani tumemaliza. Mdogo wao alikuwa halali na halalamiki. Alikuwa analala na njaa, kwa sababu wetu walikula haraka. Kijana wetu mkubwa alisema hawa wamekuja kumaliza chakula. Tulimchapa. Hatukumwuliza anaogopa nini.

Mama wa nyumba akaanza kupakua sahani mbili. Wageni wakapata kona yao, na pazia. Kijana wetu tukamwita peke yake, tukamsikiliza, naye akalia, akasema anaogopa kutolewa shule. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Tulimweleza wazi tulichonacho na tusichonacho. Amani haikuja siku ile, lakini ilianza siku ile.

Wapendwa, mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na wageni wengine wakaja milangoni mwetu. Na katika makusanyiko yetu tumesikia wa zamani wakisema wapya wamekuja kupunguza msaada. Tukumbuke Walawi 19. Mungu aliwaagiza Israeli juu ya mgeni kwa kuwakumbusha Misri, walikokuwa wageni wao wenyewe. Nasi tulifika na kamba mguuni: kungoja kuandikishwa, kungoja kadi, kuogopa kila mlango. Aliyekwisha kufunguliwa asimdonoe aliyefungwa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni nani mgeni katika nyumba yetu au ibada yetu sasa? Ana mahali pa kukimbilia?
2. Mwenyeji wetu anaogopa kupoteza nini? Nani amemwuliza?
3. Sahani yetu ya pili ni ipi?

TUOMBE: Bwana Yesu, wewe uliyejifananisha na kuku mwenye vifaranga, tukusanye wenyeji na wageni chini yako. Utupe hekima ya wavu, ya sahani mbili na ya kungoja. Amina.