Kuchagua Transfoma ya Kikuza Sauti cha Gitaa: Mwongozo kwa Watumiaji wa Masasi na Newala

Somo hili linamhusu mtumiaji anayekusudia kujitengenezea, au kumwagiza fundi amtengenezee, kikuza sauti cha awali cha gitaa kinachotumia vali. Chombo hiki hupokea sauti dhaifu ya gitaa na kuiongeza nguvu kabla haijapelekwa kwenye amplifaya kuu. Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, iliyotumika katika redio kabla ya kuja kwa transista. Wapiga gitaa wengi wangali wanaipenda kwa sauti yake.

Miongoni mwa vifaa vyote vya kazi hii, transfoma ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ndiyo inayoipa vali umeme, na ndiyo ukuta unaotenganisha umeme wa gridi na mpiga gitaa. Nyuzi za gitaa ni za chuma, nazo zimeunganishwa na bodi ya chuma ya chombo. Ukuta huo ukivunjika, umeme hufika mikononi mwa mpigaji. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji asiongozwe na bei wala uzito wa transfoma, bali na mambo manne yafuatayo.

1. Umeme unaoingia

Umeme wa Tanzania umewekwa katika volti 230 na hezi 50. Transfoma iwe na maandishi yanayoonesha viwango hivyo. Vifaa vya mtumba kutoka Japani huwa vya volti 100, na vya Marekani volti 120, hezi 60. Transfoma ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu huungua. Hata ikipewa volti 120 zake, iliyosanifiwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi katika hezi 50.

Pamoja na hayo, pima soketi ya nyumbani kwako. Mahali palipo mwishoni mwa njia ndefu ya umeme, volti hushuka jioni watu wanapowasha vyombo vingi, kisha hupanda usiku wa manane. Pima kwa multimita asubuhi, jioni na usiku, kwa siku kadhaa, uandike vipimo. Kipasha moto cha vali huhitaji volti 6.3, na huvumilia tofauti ya takriban asilimia 10. Kwa transfoma ya volti 230, maana yake ni kwamba soketi ibaki kati ya volti 210 na 250. Ikishuka hadi 190, kipasha moto hupata volti 5.2 tu, na vali haifanyi kazi yake sawasawa.

Usinunue transfoma yenye volti nyingi zaidi za kutoka ili kufidia upungufu wa jioni, kwani volti zikipanda usiku vali itaumia. Tumia stabilaiza.

2. Umeme unaotoka

Tuchukue mfano wa chombo chenye vali mbili za aina ya ECC83, ambazo pia huandikwa 12AX7.

- Kipasha moto: kila vali hutumia ampea 0.3 kwa volti 6.3. Vali mbili ni ampea 0.6. Chagua koili ya ampea 1.
- Volti ya juu: kila vali ina sehemu mbili, na kila sehemu hutumia takriban miliampea 1. Jumla ni miliampea 4. Koili ya volti 200 na miliampea 20 inatosha na kubakiza.
- Ukubwa wa jumla: VA 15 hadi 20. Kubwa kuliko hapo ni gharama isiyo na faida.

Kumbuka kwamba volti 200 zikipita kwenye diodi na kapasita huwa takriban volti 282 za umeme mnyoofu, na huzidi hapo mzigo ukiwa mdogo. Kwa hiyo kapasita ziwe za volti 400 au zaidi.

3. Koili zilizotengana

Baadhi ya transfoma za kupunguza volti 230 kuwa 110 zina koili moja tu inayotumika pande zote mbili. Hizo hubadilisha volti lakini hazitenganishi, na stabilaiza nyingi zina tabia hiyohiyo. Hazifai kusimama peke yake kati ya soketi na gitaa.

Kabla ya kulipa, transfoma ikiwa haijachomekwa, weka multimita kwenye omu. Pima kati ya koili ya kuingizia na kila koili ya kutolea, kisha kati ya kila koili na chuma cha transfoma. Pasionekane mawasiliano yoyote. Kipimo hiki hufichua kasoro iliyo wazi tu. Uimara wa kinga ya waya hupimwa na fundi kwa mega. Transfoma iliyotolewa kwenye redio kuukuu, au iliyosukwa upya, isitumike bila kipimo cha mega.

4. Umbo na mahali pa kuifunga

Transfoma ya duara, mfano wa ngata ya kubebea ndoo, kwa kawaida hutawanya sumaku kidogo kuliko ya pembe nne, hivyo husaidia kupunguza mngurumo. Ya pembe nne nayo inafaa, mradi ifungwe mbali na vali ya kwanza.

Kabla ya kuwasha

- Bodi ya chuma iunganishwe na waya wa ethi. Udongo wa uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, nao ukikauka wakati wa kiangazi nguvu ya ethi hupungua. Mwombe fundi mwenye leseni ya EWURA aipime.
- Weka fyuzi ya miliampea 250 ya kukata polepole kwenye waya wa moto kabla ya transfoma, na fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi badala ya 13.
- Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40 iliyofungwa kwenye njia ya waya wa moto. Ikiendelea kuwaka sana, kuna hitilafu, zima.
- Kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiguse ndani kabla ya multimita kusoma karibu na sifuri.

Haki zako

Dai risiti, na uombe muuzaji aandike juu yake volti, hezi na ampea za transfoma aliyokuuzia. Bidhaa ikitofautiana na maelezo hayo, irudishe mapema pamoja na risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Muuzaji asiyekubali transfoma ipimwe dukani, au asiyekubali kuandika viwango vyake, usinunue kwake.