Pua yako ni kifaa cha kazi: jinsi inavyonusa, na lini usiiamini

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea pua. Kuna mtu atacheka, lakini mimi pua ilishaniaibisha, tena mbele ya mfugaji aliyekuwa ananiamini.

Ilikuwa mwezi wa saba, kipindi ambacho usiku wa huku Nyamiaga unauma kweli kweli. Kijana mmoja alikuwa na broila 300 wa wiki ya nne, fedha za mkopo wa kikundi. Aliniita asubuhi nimwangalizie. Nilikuwa na mafua makali. Nikaingia bandani, nikaangalia maji, chakula, joto. Harufu sikuisikia kabisa. Macho yalikuwa yananiwasha, nikajua ni mafua yaleyale. Nikamwambia, "Uko vizuri, endelea hivyohivyo."

Mdogo wake wa kike alikuwa ametoka tu shule kwa likizo. Akasimama mlangoni, akaziba pua na kanga. "Kaka, humu kunachoma!" Kaka mtu akamjibu, "Wewe umezoea bweni, hapa ni kazini." Na mimi, bwana shamba mzima, nikacheka naye.

Siku nne baadaye akanipigia. Kuku wanakohoa, macho yamevimba, wengine hawafungui kabisa. Mpaka wanauzwa alikuwa amepoteza 41, na waliobaki walikuwa wepesi. Rejesho la mkopo alilipa kwa kuuza mbuzi wa mama yake. Mtu pekee aliyesema kweli siku ile alikuwa yule binti. Sisi wawili hatukuwa wajinga, ila pua zetu zilikuwa hazifanyi kazi, kila moja kwa sababu yake. Tuone ni kwa nini.

Pua inanusaje?

Kitu chochote chenye harufu kinatoa chembechembe ndogo sana zinazoelea hewani. Ukivuta pumzi, zinapanda hadi juu kabisa ndani ya pua, karibu usawa wa macho. Hapo kuna sehemu ndogo yenye ute, na kwenye ute huo kuna mamilioni ya chembe hai za neva. Kila chembe ina kipokezi chake, yaani kama kufuli linalosubiri ufunguo wake.

Binadamu tuna aina kama 400 za vipokezi hivyo. Utauliza: mbona tunatambua harufu nyingi kuliko hizo? Fikiria herufi. Ni chache tu, lakini ukizipanga unaandika maneno yote ya Kiswahili. Harufu moja inagusa vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo unasoma mpangilio huo kama neno: "hii ni kahawa", "hii ni samadi mbichi". Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walichapisha ugunduzi wa vipokezi hivi mwaka 1991, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kutoka hapo, nyuzi za neva zinapita kwenye vitundu vidogo vya mfupa na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo. Kuna njia ya pili pia: ukitafuna, harufu inapanda kutokea nyuma ya koo. Ndiyo maana ukiwa na mafua, hata ndizi na maharage ya mama yanakuwa kama unatafuna karatasi.

Usidharau kazi hii. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya wao aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifichua zaidi ya mabomu 100 huko Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Yule alikuwa anakula kwa pua yake. Na wewe pia, kwa sehemu.

Nini kinaharibu kunusa?

1. Kuzoea. Hili ndilo lililompata yule kijana. Ukikaa kwenye harufu ileile kwa dakika chache, pua na ubongo vinaacha kuitangaza. Mwenye banda ndiye wa mwisho kusikia harufu ya banda lake.

2. Mafua, aleji na vinyama vya puani. Njia inaziba, chembe za harufu hazifiki juu. Hili lilinipata mimi.

3. Virusi. Vingine vinaacha madhara hata baada ya mafua kuisha. UVIKO-19 ilitufundisha hilo; watu wengi walipoteza harufu bila hata pua kuziba.

4. Kugonga kichwa. Zile nyuzi zinazopita kwenye mfupa zinaweza kukatika. Vijana wa pikipiki, kofia ngumu inalinda na pua pia.

5. Sigara, moshi na kemikali kali. Kupulizia dawa bila barakoa ni kuipeleka sumu palepale neva zilipo wazi.

6. Umri. Uwezo unapungua taratibu uzeeni. Mzee akikwambia maziwa hayajaharibika, nusa na wewe.

Habari njema ni kwamba chembe za kunusa ni kati ya neva chache mwilini zinazojizalisha upya, kwa hiyo wengi hupona. Ila zikiumizwa kila siku, hazipati nafasi.

Turudi bandani: ile harufu ilikuwa nini?

Ilikuwa amonia. Kinyesi cha kuku kikikutana na unyevu na joto kwenye maranda, bakteria wanakivunja na gesi hiyo inatoka. Kwa sababu ya baridi, kijana alikuwa ameshusha viroba pande zote usiku kucha, na chombo kimoja cha maji kilikuwa kinavuja. Amonia inaunguza macho ya kuku na vile vinyweleo vidogo vya koo vinavyosafisha uchafu. Vikiisha, magonjwa ya hewa yanaingia bila kubisha hodi. Inashauriwa isizidi sehemu 25 katika milioni, na pua iliyozoea inaweza isiisikie hata ikizidi hapo.

Kuna jambo ningepaswa kulikumbuka siku ile. Amonia haisikiki kwa neva za harufu peke yake. Kuna neva nyingine ya usoni inayosikia kuchoma na kuwasha, na hiyo inaendelea kufanya kazi hata pua ikiziba. Macho yangu yalikuwa yananiambia. Mimi sikusikiliza.

Vitu ambavyo pua haiwezi kukuokoa

Hapa tafadhali soma polepole.

*Moshi wa jiko la mkaa.* Ukitumia jiko kulea vifaranga, mkaa unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Inaua vifaranga na inaua mtu anayelala nao. Acha upenyo wa hewa, washia jiko nje mpaka mkaa ukolee, na usilale humo. Kukolea kwa mkaa hakuondoi hatari, kunapunguza tu moshi.

*Sumukuvu.* Harufu ya ukungu kwenye mahindi au karanga ni onyo. Lakini sumu yenyewe haina harufu wala ladha, kwa hiyo mahindi yasiyonuka si lazima yawe salama. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kausha vizuri, anika kwenye turubai na siyo chini, tenga yaliyooza.

*Vidonge vya kufukizia ghala.* Vinatoa gesi ya fosfini. Watu wanasema inanuka kama kitunguu saumu au samaki, lakini unaweza usisikie kitu na gesi ipo. Usiviweke kamwe kwenye nyumba wanayolala watu. Kwa magunia machache ya nyumbani, tumia mifuko isiyopitisha hewa.

*Shimo la samadi au mtambo wa biogesi.* Gesi yake inanuka yai bovu ikiwa kidogo. Ikiwa nyingi inalemaza pua, harufu inapotea ghafla. Harufu ikikata ukiwa shimoni, usifurahi. Toka. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate, ita watu.

Utaratibu ninaoutumia sasa

- Kabla ya kuingia bandani nakaa nje kwenye hewa safi angalau dakika kumi. Nikiingia, hisia ya kwanza ndiyo ninayoiandika.
- Nachuchumaa mpaka usawa wa kichwa cha kuku. Kuku havuti hewa ya kifuani kwangu.
- Naminya maranda mkononi. Yakibaki donge, yana unyevu mwingi: geuza, ongeza makavu, tengeneza chombo kinachovuja. Yakimwagika, salama.
- Usiku wa baridi nafunga chini, juu naacha wazi. Kuku anahitaji joto na hewa pia.
- Asubuhi najaribu pua yangu: unga wa kahawa, sabuni, ganda la chungwa. Nikishindwa, siku hiyo natafuta pua ya kuazima.

Pua ya kuazima ndiyo nini? Ni mtu asiyeshinda bandani. Mtoto, jirani, mgeni. Mwite, muulize, na akisema kunanuka usibishane naye.

Na kama harufu imekupotea zaidi ya wiki mbili, au imepotea baada ya kugonga kichwa, nenda hospitali. Kuna zoezi pia ambalo limewasaidia wengi: nusa harufu nne tofauti, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kila moja sekunde chache huku ukiifikiria, kwa wiki 12 au zaidi. Mikaratusi hapa kwetu hainunuliwi.

Yule kijana bado anafuga. Safari hii banda lina dirisha la juu, na mdogo wake akija likizo ndiye anayeingia wa kwanza. Mimi nikifika ananiuliza kabla hata ya salamu, "Bwana shamba, leo una mafua?"

Namjibu ukweli. Tukutane shambani.