Kifuniko cha Ngozi cha Usukani: Kukichagua, Kukinunua na Kukivisha

Somo hili linamhusu mlaji anayemiliki au kuendesha gari, ambaye anakusudia kununua kifuniko cha ngozi cha usukani, kile ambacho madukani na katika gereji huitwa kava la stelingi. Bidhaa hii ni ndogo na bei yake si kubwa. Kwa sababu hiyo wengi huinunua kwa kutazama rangi tu. Hata hivyo, usukani ndicho kitu ambacho mkono wa dereva hukishika tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Kifuniko kinachoteleza hutenganisha mkono na gurudumu: dereva hugeuza ngozi, na usukani wenyewe hubaki ulipo.

Kwa mkazi wa Haydom jambo hili lina uzito wa pekee. Barabara zinazotoka mjini kuelekea Mbulu na Karatu, na zile za kuelekea Basotu na Katesh, zina vipande virefu vya changarawe ambavyo huutikisa usukani bila kukoma. Anayeteremka mlima Magara kutoka Mbulu kwenda Mbuyu wa Mjerumani hukutana na kona zinazotaka usukani ugeuzwe haraka na kurudishwa haraka. Magari yanayopeleka wagonjwa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo imekuwa ikihudumia watu wa Mbulu, Hanang na wilaya jirani tangu mwaka 1955, hupita katika njia hizo usiku na mchana, kiangazi na masika. Katika kona ya namna ile, kifuniko kilicholegea kwa nafasi ndogo tu kinaweza kumpotezea dereva sehemu ya sekunde ambayo hana.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usukani usio na kifuniko ni bora kuliko usukani wenye kifuniko kinachocheza.

Kabla ya kununua

Chunguza kwanza usukani wenyewe. Watu wengi hununua kifuniko ili kuficha dosari, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Ikiwa usukani unanata, huenda ni jasho, mafuta ya mikono na vumbi vilivyogandamana kwa miaka. Uoshe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha uache ukauke. Mara nyingi mwenye gari hugundua baada ya kuuosha kwamba hakuhitaji kununua chochote. Ikiwa una ufa, au chuma cha ndani kinaonekana, kifuniko hakitautibu. Kitamzuia tu fundi asiuone. Vilevile, usukani unaotetemeka kwa mwendo wa kawaida, au unaozunguka kidogo bila magurudumu kufuata, ni ugonjwa wa gari na si wa ngozi. Mpelekee fundi kwanza. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye gari alitumie likiwa katika hali salama, na kifuniko kizuri si utetezi mbele ya sheria hiyo.

Baada ya hapo, pima. Vifuniko huuzwa kwa kipimo cha kipenyo, yaani umbali wa kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja wa usukani hadi ukingo wa nje wa upande wa pili, ukipita katikati. Magari madogo mengi huwa na usukani wa sentimita 36 hadi 39. Malori na mabasi huwa na mkubwa zaidi. Ikiwa kitovu cha usukani kimeinuka na kukuzuia kupima moja kwa moja, zungusha uzi kwenye ukingo wa nje, upime urefu wa uzi huo, kisha ugawe kwa 3.14. Uzi wa sentimita 119, kwa mfano, ni usukani wa kipenyo cha sentimita 38 hivi.

Kipimo cha pili husahaulika, nacho ndicho kinachoharibu kazi nyingi: unene wa mshiko. Zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye duara la usukani mahali mkono unaposhika, usome urefu wake, na upime mahali pawili au patatu kwa kuwa sukani nyingi hazina unene ulio sawa kote. Andika vipimo vyote viwili kwenye karatasi na uende navyo dukani. Muuzaji anayesema kwamba kifuniko chake kinaingia gari lolote anasema jambo ambalo utepe wako utalikanusha.

Kuitambua ngozi

Wenyeji wa Mbulu na Hanang hawahitaji kufundishwa ngozi ni nini. Mavazi ya ngozi ya wanawake wa Kidatoga, na sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga za Wairaqw, ni ushahidi wa ujuzi wa muda mrefu. Mkono uliowahi kuyashika hautadanganywa kwa urahisi na plastiki. Tatizo ni kwamba bidhaa za siku hizi hutengenezwa ili kuudanganya mkono huo huo.

Madukani utakuta vitu vya aina tatu, na vyote vitatu huitwa ngozi. Cha kwanza ni ngozi yenyewe, iliyosindikwa na kutiwa rangi. Cha pili ni kitambaa kilichopakwa plastiki na kugandamizwa vinyweleo vya kuigiza. Cha tatu, ambacho huwalaghai hata waangalifu, ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kubandikwa juu ya kitambaa. Mwenye kuuza hiki cha tatu anaweza kuapa kwamba kina ngozi, naye hatakuwa ameongopa kabisa. Lakini ndani ya kiangazi kimoja au viwili kitaanza kubanduka magamba.

Tazama ukingo uliokatwa na upande wa nyuma. Ngozi halisi huonyesha nyuzi laini zilizosukana bila mpangilio, na nyuma yake ina manyoya mafupi kama ya kitambaa cha mahameli. Plastiki huonyesha tabaka mbili zinazotofautiana: utando laini juu, kitambaa kilichofumwa chini. Kisha tazama vinyweleo vya uso wake. Vikiwa vimejipanga sawasawa kila mahali, kwa ukubwa uleule na umbali uleule, hiyo ni kazi ya mashine. Ijapokuwa, kwa haki, ngozi halisi ya bei ndogo nayo hugandamizwa alama, kwa hiyo usitoe hukumu kwa dalili hii peke yake. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hukunjamana kidogo kuzunguka kidole na kurudi, ilhali plastiki huzama tu. Harufu husaidia kifuniko kikiwa hakijapuliziwa manukato ya dukani.

Wapo wanaopima kwa moto. Ngozi ikiungua hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na plastiki huyeyuka na kudondoka. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini kinafaa kwa kipande cha mabaki unachopewa na fundi, si kwa bidhaa ya mtu iliyo rafuni.

Usitishwe pia na maandishi ya kigeni yaliyogandamizwa kwa rangi ya dhahabu yakidai kwamba hii ni ngozi halisi. Muhuri huo ni rahisi kuuweka kuliko ngozi yenyewe.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu hasa maeneo ya wafugaji, ambako ngozi ya ng'ombe au mbuzi haipatikani kwa shida na fundi hodari yupo. Kushonewa kifuniko na fundi wa viatu au wa viti vya magari ni uamuzi mzuri, na pengine bora kuliko kununua cha dukani, kwa sababu atakipima juu ya usukani wako. Lakini ngozi iwe imesindikwa. Ngozi mbichi iliyowambwa na kukaushwa juani hubadilika kwa hali ya hewa: katika ukavu wa Agosti hukakamaa na kuteleza kama mti, na mikono yenye jasho au mvua huifanya ilegee na kuvimba. Sifa inayoifanya ifae kwa ngoma ndiyo inayoifanya isifae kwa usukani. Mwombe fundi ngozi laini yenye unene wa milimita moja hivi. Nene zaidi ya hapo itafanya mshiko uwe mkubwa mno kwa vidole.

Kati ya kifuniko cha pete chenye mpira ndani, kinachovutwa tu na kuingia, na kile cha kushona kwa uzi, cha kushona ndicho tunachokipendekeza. Cha pete huvishwa kwa dakika chache, na kipimo chake kikiwa sahihi hasa kinaweza kufaa. Lakini mpira huchoka kwa joto, na kulegea kwake huja polepole kiasi kwamba dereva hulizoea bila kutambua.

Unapolipa

Uliza swali lako waziwazi, na mbele ya mtu mwingine ikiwezekana. Mathalani:

“Kaka, hiki ni ngozi halisi au ni cha plastiki?”

“Ngozi kabisa, mama. Hakuna longolongo.”

“Basi naomba uniandikie kwenye risiti: kifuniko cha ngozi, sentimita 38.”

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko majadiliano ya nusu saa. Muuzaji mkweli ataandika. Asiyetaka kuandika amekwisha kujibu. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo haina budi kulingana na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Dai risiti ya kielektroniki na uitunze. Kibao cha dukani kisemacho kwamba bidhaa iliyouzwa haitarudishwa hakimwondolei muuzaji wajibu wa kukupa kile alichosema anakuuzia. Ukikuta umedanganywa, rudi kwake kwanza na risiti na kifuniko; mashauri mengi huishia hapo. Asipokubali, peleka lalamiko kwa Tume ya Ushindani kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti na picha.

Kukivisha

Simamisha gari mahali tambarare, funga breki ya mkono, zima injini na utoe ufunguo. Weka magurudumu yakiwa yamenyooka. Osha usukani na uache ukauke kabisa, kwa maana mafuta yaliyobaki chini ya ngozi ndiyo yatakayoitelezesha.

Asubuhi za Haydom huwa na baridi, na ngozi baridi haikubali kuvutwa. Anika kifuniko juani kwa muda wa robo saa hadi nusu saa, mpaka kilainike mkononi. Usikichemshe wala kukilowesha.

Anza juu, mahali ambapo uso wa saa huandikwa namba 12, ukihakikisha kwamba kiungo cha kifuniko, pale ncha zake mbili zinapokutana, kinakaa chini kwenye namba 6, mbali na mikono. (Tunasema namba zilizoandikwa, si saa tunazozitaja kwa Kiswahili, ili fundi na mwenye gari wasipishane kwa nusu ya mzunguko.) Shika juu, vuta chini, kisha ingiza pande. Kifuniko cha kipimo sahihi huingia kwa shida. Kikiingia kwa urahisi, usishone, kirudishe.

Tumia uzi imara wa nailoni uliopakwa nta, wenye urefu wa mara nne au tano ya mshono unaoshonwa, na sindano mbili zenye ncha butu. Ncha butu ni muhimu, kwa kuwa sindano kali huchoma usukani na inaweza kugusa nyaya za vitufe katika magari mapya. Pitisha sindano katika vitanzi vilivyo ukingoni mwa kifuniko, upande huu na upande huu, ukivuka kama kamba za kiatu, na kaza kila baada ya mishono mitatu au minne. Ukisubiri kukaza mwishoni, katikati patabaki pamelegea. Ukifika kwenye mkono wa usukani, yaani ule muhimili unaounganisha duara na kitovu, pitisha uzi nyuma yake na uendelee upande wa pili. Fundo la mwisho lifichwe ndani ya mshono. Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza ajipe saa mbili au tatu.

Kitovu cha usukani kisifunikwe kamwe. Penye herufi SRS pana mfuko wa hewa wa usalama, ambao katika ajali hufumuka kwa nguvu kubwa kuelekea kwa dereva. Kitambaa, pambo au nembo ya chuma iliyobandikwa hapo inaweza kurushwa usoni mwake. Fundi akikuambia kwamba ni lazima afungue kitovu ili avishe kifuniko, tafuta fundi mwingine.

Jaribio ni hili. Shika kwa nguvu kwenye namba 9 na namba 3, usokote ngozi kuelekea kwako na kuelekea mbele, kisha jaribu kuisukuma ifuate duara. Isisogee hata kidogo. Hakikisha kidole gumba na vidole vingine vinaweza kuzunguka mshiko, honi na vitufe vinabonyezeka, kifuniko hakigusi vijiti vya taa na vya vifutio vya kioo, na unaona mshale wa spidi. Endesha polepole katika uwanja ulio wazi, ukigeuza usukani mpaka mwisho wa kila upande, kabla ya kuingia barabarani. Rudia jaribio la kusokota baada ya wiki moja, maana ngozi mpya hunyooka kidogo inapoanza kutumika.

Baadaye, futa vumbi mara kwa mara kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na usitumie petroli wala dawa ya kung'arisha dashibodi, ambayo huacha utelezi. Mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe kidogo sana, jioni, gari likiwa halitasafiri hadi kesho yake, na yafutwe yote yanayobaki juu. Uzi ukikatika mahali pamoja, shona upya siku hiyohiyo. Ngozi ikichakaa, kata uzi kwa mkasi kuanzia kwenye fundo, ukitoe kifuniko chote na uchunguze usukani ulio chini yake. Kifuniko kipya kisivishwe juu ya cha zamani.