Ameingia, Hajatoka: Namna Kiswahili Kinavyosema Kitu Kimebadilika

Wenzangu wa ualimu wa lugha, hasa mnaojiandaa kwenda TP, makala hii ni yenu. Tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba kiambishi -me- kinaonyesha tendo lililokwisha kufanyika. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akitafsiri "mtoto amelala" kwa kanuni hiyo, ataandika "the child has slept", na atakoseshwa. Alitaka kusema "the child is asleep". Mtoto hajamaliza kulala jamani! Alichomaliza ni kutoka macho kwenda usingizini, na bado yumo humo.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha -me-, gawa kwanza vitenzi. Kuna vya shughuli: cheza, imba, chimba. Hivi vikipata -me-, shughuli imekwisha. Kuna vya badiliko: choka, lala, simama, kaa, vaa, shiba, iva, jaa, potea. Hivi vikipata -me-, badiliko limekwisha na hali mpya imeanza. Kondakta anajua hili kuliko sisi: basi likiwa "linasimama" bado linatembea, usiruke, likiwa "limesimama", shuka.

Mimi TP nilifanyia Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Wilaya hiyo ilikuwa Shinyanga, mwaka 2012 ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Geita. (Ona hiyo "ikawa": -ka- ya masimulizi nayo inabeba badiliko, lakini inalisimulia kama tukio, haisemi sasa hivi pakoje.) Ni ukanda wa dhahabu, na darasani mifano ya kitabuni ilikuwa inapoa haraka, ila nikitaja duara la wachimbaji wadogo, kila mtu anaamka.

Chukua sentensi mbili: "Juma ameingia duarani" na "Juma aliingia duarani." Ya pili ni habari ya zamani kidogo, huenda Juma yuko nyumbani anakula ugali. Ya kwanza inasema yumo chini sasa hivi. Kwa aliyebaki juu ameshika kamba, hiyo -me- ndiyo hesabu ya watu. Lakini "Juma amechimba" haikuambii yuko wapi, maana kuchimba ni shughuli. Wanafunzi waliielewa hii bila mimi kuandika kanuni yoyote ubaoni.

Ukanushi nao una siri yake. Kinyume cha "ametoka" ni "hajatoka", siyo "hakutoka". -ja- inaacha mlango wazi: badiliko bado linasubiriwa, kamba haijaachiwa. "Hakutoka" inafunga habari. Ukimwambia mama wa mtu "hakutoka" wakati ulitaka kusema "hajatoka", umemwambia jambo jingine kabisa.

Wajapani wako karibu nasi hapa. Aliyechoka husema "tsukareta", kitenzi cha kuchoka katika umbo la jambo lililokwisha tokea, kama "nimechoka" yetu. Mwingereza anatumia kivumishi, "I am tired", na ndiyo maana akijifunza Kiswahili anahangaika kutafuta kivumishi cha kuchoka. Wajapani pia wana jozi kama "kowareru" na "kowasu", yaani vunjika na vunja, jambo linalotupeleka kwenye kauli ya kutendeka.

Dirisha la darasa limevunjika. Limevunjwa na nani? Mwanafunzi mjanja hatasema "limevunjwa", maana kauli ya kutendwa inaalika swali hilo, hata kama mtendaji hakutajwa. -ka inataja badiliko na hali, mtendaji hayumo kwenye picha. Darasani tunacheka. Lakini sikiliza habari za ajali machimboni: duara limebomoka, kifusi kimeporomoka, matimba yameoza. Zote ni sahihi kisarufi, na zote hazina mtu. Andika "matimba hayakubadilishwa" uone sentensi inavyoanza kuuliza: ni kazi ya nani kuyabadilisha? Mimi naona hili lifundishwe kwenye ufahamu na utungaji, lisiishie kwenye mnyambuliko wa vitenzi tu.

Angalizo moja, maana litakuja kwenye mtihani: -ka hubeba pia maana ya uwezekano. "Mlango huu unafungika" ni kwamba unaweza kufungwa. "Mlango umefungika" ni kwamba sasa hivi haupitiki.

Vivumishi nitavipitia haraka. Vingine vina kitenzi chake cha badiliko: nene na nenepa, fupi na fupika, zee na zeeka, tajiri na tajirika. Visivyo nacho hupewa "kuwa": chai imekuwa nzito. Hapo tu pana mtego, kwani "amekuwa mwalimu" yaweza kuwa kaajiriwa jana, au yuko kazini miaka kumi. Wape wanafunzi sentensi hiyo bila muktadha, uwaache wabishane mpaka kengele igonge.