Kisu cha Kukunja na Komeo Lake

Visu ni vya namna mbili. Kiko kisu ambacho mkia wake umepigwa ndani ya mpini, wala hautikisiki. Kiko na kisu cha kukunja, ambacho bapa lake hujificha mpinini kama kobe aingizavyo kichwa gambani. Kisu hiki ni chepesi kuchukua, hakitaki ala, wala hakitoboi mfuko. Lakini kina ila moja: mahali kinapokunjika ndipo penye udhaifu wake. Kikijikunja katikati ya kazi, makali huviangukia vidole vya mwenyewe. Kwa sababu hiyo mafundi walibuni makomeo ya kulizuia bapa, kama vile komeo la mlango lizuiavyo mlango usifunguke.

Komeo jema lina sifa mbili, nguvu na wepesi wa kutumika. Sifa hizi hazikai pamoja kila mara, na mwenye kununua kisu hana budi kuzipima zote mbili.

Nguvu. Kisu ni wenzo, na bapa lake huzunguka juu ya msumari mdogo. Ikiwa ncha iko sentimeta 9 kutoka msumari, na komeo hulishika bapa milimita 9 tu kutoka msumari uo huo, basi ncha iko mbali mara 10 kuliko komeo. Mtu akiisukuma ncha kwa uzito wa kilo 5 kuelekea upande wa kukunjika, komeo hupokea uzito wa kilo 50. Kipande cha chuma kisichozidi punje ya mahindi huchukua mzigo wa mfuko mzima wa saruji!

Namna za makomeo. Kisu cha kwanza hakina komeo kamili. Kamani iliyo mgongoni hulikandamiza bapa tu, nalo hukunjika likisukumwa kwa nguvu. Ni chepesi kutumia, nacho chafaa kuchongea kalamu na kumenyea matunda.

Cha pili kina jino mgongoni, ambalo hutumbukia katika pengo la bapa. Mtu hulifungua kwa kubonyeza mgongo wa mpini kwa kidole gumba. Komeo hili lina nguvu nyingi. Lakini pengo likijaa mchanga au utomvu wa mabibo, jino halifiki chini, na mwenyewe hudhani kisu kimefungwa, kumbe bado.

Cha tatu kina ubao mwembamba wa chuma ndani ya mpini, ambao huruka na kusimama nyuma ya bapa. Mkono mmoja watosha kukifungua na kukifunga, na kwa wepesi ndicho kinachosifiwa. Lakini wakati wa kukifunga, kidole gumba hupita katika njia ya makali. Tena ubao ukilika, huteleza.

Cha nne kina pete ya chuma shingoni. Joseph Opinel, mhunzi wa Savoie katika Ufaransa, alianza kutengeneza visu vyake vya kukunja mwaka 1890. Pete ya kufungia iliongezwa mwaka 1955. Pete ni imara, tena ni rahisi kuelewa. Lakini haijifungi yenyewe, bali ni lazima kuizungusha kwa mkono. Mwenye kusahau ni sawa na asiye na komeo.

Kazi na chombo chake. Kutoka Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, hata Newala ulioko juu yake, kazi za kisu ni nyingi: kumenya muhogo, kukata kamba, kuchonga mti. Si zote zifaazo kisu cha kukunja. Wachongaji wa Kimakonde huchonga mpingo, mti mgumu ambao ukitiwa majini huzama kama jiwe. Zana zao ni tezo, patasi na tupa. Hakuna hata moja inayokunjika. Kazi yenye kusukuma, kuchimbua au kupasua yataka chuma kisichokunjika, kwa kuwa komeo lililo bora kupita yote bado ni kipande kidogo juu ya msumari mdogo.

Basi mwenye kisu cha kukunja na ashike mambo manne. Kwanza, alisafishe pengo la komeo na kulitia tone la mafuta. Pili, kabla ya kazi, alijaribu komeo kwa kuusukuma mgongo wa bapa polepole, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Tatu, akate kwa makali, asichimbue kwa ncha. Nne, akitumie kana kwamba hakina komeo kabisa. Komeo limewekwa ili kumwokoa mtu siku mkono wake unapokosea. Halikuwekwa ili mkono usiwe na hadhari. Kisu kilichovunjika hununuliwa kingine, lakini kidole hakiuzwi dukani.

Maswali
1. Kwa nini mzigo wa komeo ni mkubwa kuliko nguvu ya mkono?
2. Ncha ikiwa sentimeta 8 kutoka msumari, na komeo milimita 8, kilo 3 za mkono huwa kilo ngapi juu ya komeo?
3. Taja komeo lililo jepesi kutumia, na hatari yake.
4. Kwa nini zana za mchongaji wa mpingo hazikunjiki?